Nimehamishiwa Mtwara mjini, nipange kwanza au ninunue hili boma la Mangamba?

ticha_anahama:

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo hasa nyie wa Mtwara na Lindi au mliowahi kukaa huko, mimi nimezaliwa Moro nimesoma Moro nimefundisha Moro, kusini naijua kwa zile korosho za kwenye vifuko stendi tu.

Nimepata uhamisho, ni mwalimu wa sekondari, natakiwa kuripoti Januari shule zikifunguliwa. Mume wangu ni fundi seremala amejiajiri, watoto wawili, mmoja darasa la tatu mwingine bado chekechea. Hela ya uhamisho naambiwa iko njiani na watumishi wenzangu mnaijua hiyo njia ilivyo ndefu, kwa hiyo msiihesabu. Mkononi tuna milioni 11 na laki 4, hapo tumeshauza kiwanja chetu cha Mkundi na nimevunja kikoba. Mkopo sikopesheki tena, makato yameshakula mpaka nimebaki na ile theluthi moja ya mshahara isiyoguswa, hata nikienda benki nitaishia kupewa maji ya kunywa tu.

Sasa kuna dalali tumeunganishwa naye kwa simu ametutumia picha za boma liko Mangamba, vyumba vitatu, kuta zimefika lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) ila halina paa, kiwanja 20 kwa 25, anasema milioni 9 na ni bei ya kutupa sababu mwenye mali ana shida. Anataka tutume milioni 2 ya kushikia kabla ya Ijumaa kuna watu wengine wanaliulizia. Upande wa pili amenitafutia nyumba ya kupanga Chikongola, vyumba viwili na sebule choo ndani, laki na ishirini kwa mwezi, walipwe miezi sita na yeye dalali mwezi mmoja, jumla laki nane na arobaini.

Mume wangu kashaamua kichwani mwake. Anasema kodi ya mwaka ni milioni moja laki nne na arobaini, miaka sita na kidogo tumeshamaliza hiyo milioni 9 na hatuna hata tofali la kuonesha. Hesabu yake siwezi kuipinga ila moyo wangu haupo. Nisaidieni kabla ya Ijumaa.

bint_mikindani:

Dada kwanza usitume hata shilingi mia. Mengine tutaongea ila hilo naliweka juu kabisa. Picha za boma hata mimi naweza kwenda kupiga sasa hivi la jirani yangu nikakuuzia.

Pili kuna kitu kimenigusa kwenye maelezo yako, labda kwa sababu nimekulia huku. Saa hizi ni Novemba. Huku Novemba ndo mwezi watu wana hela, minada ya korosho inaendelea, malipo yanaingia, bodaboda mpya kila kona, hata mafundi huwapati kwa bei ya kawaida sababu kila mtu anapandisha ukuta. Mtu wa huku akiuza ardhi kwa shida anauza mwezi wa pili wa tatu hela ya korosho ikishakata na shule zinadai. Sasa huyu mwenye shida ya haraka haraka katikati ya msimu, tena mpaka Ijumaa, shida yake ni ipi? Inawezekana ni mgonjwa kweli, sikatai. Ila uliza.

kichwa_ngumu:

Mimi nitakuwa upande wa shemeji. Nimepanga Mtwara hii hii miaka 11, nimeanza Magomeni nikaenda Chikongola nikaja Reli, nyumba tano, na kila nyumba nikishapaka rangi na kuweka pazia mwenye nyumba anakumbuka ana mtoto anataka kuoa. Kodi ni kumjengea mwenzio, hili halina lugha nyingine.

Na sio kodi ya nyumba tu. Ile kodi ya jengo tangu 2021 imeingizwa kwenye LUKU, ilianza elfu moja kwa mwezi na 2023 wakaipeleka elfu moja mia tano kwa nyumba ya kawaida, inatakiwa ilipwe na mwenye nyumba si ndiyo? Nani ananunua umeme? Mimi mpangaji. Hela ndogo naijua lakini inauma kwa maana yake.

2019 nikanunua boma Naliendele, nikahamia halina ripu, madirisha nimeziba na mabanzi, mlango wa mbele wa bati. Wife alilia wiki ya kwanza. Leo nina vyumba vitatu, nimeweka jipsamu sebuleni na sina wa kunigongea tarehe moja. Ukisubiri mpaka hela itimie hutajenga, hela haijawahi kutimia kwa mtu.

fundi_lenta:

Kichwa ngumu umesema ukweli wako ila hujamwambia mwalimu kwamba boma lako ulinunua likiwa na paa au halina.

kichwa_ngumu:

Lilikuwa limepauliwa 😅 ila bati chakavu

fundi_lenta:

Ahaa. Sasa hapo ndo kwenye kesi.

Mwalimu mimi ni fundi ujenzi nipo Chuno, nikueleze nilivyoona kwa mikono sio kwa kusoma. Boma likiishia lenta watu wanasema limebaki kidogo. Halijabaki kidogo. Msingi na kuta ni kama nusu ya safari na hiyo nusu nyingine ndo yenye vitu vya dukani, vya kwanza unaweza kufyatua mwenyewe taratibu ila bati hufyatui. Mwaka huu nimepaua nyumba mbili za vyumba vitatu, moja imekula milioni 5 na laki nane nyingine imevuka 6, hiyo ni bati za geji 28, mbao zilizopigwa dawa, misumari na ufundi. Dawa usiiruke, mchwa wa huku hawana adabu. Na geji 30 kwa mtu aliye karibu na bahari sikushauri sana, chumvi ya upepo inaanza kula kwenye misumari, miaka michache unaanza kusogeza kitanda usiku mvua ikinyesha.

Halafu bado. Milango, grili, shimo la choo na karo, kuvuta umeme, kuvuta maji, sakafu hata ya saruji tu. Wewe ukishatoa 9 unabaki na milioni 2 na laki 4, na bado hujasafirisha mzigo kutoka Moro. Maana yake utanunua boma NA utapanga, vyote viwili, boma lako linanyeshewa wewe unalipa laki na ishirini Chikongola. Shemeji hesabu yake ya miaka sita ni nzuri sana ila ameihesabu nyumba, anayouziwa sio nyumba.

Na boma lililonyeshewa misimu mingi linachoka. Mkienda kuliona mbebe msumari wa inchi nne. Kwaruza tofali kwa nguvu ya kawaida, likitoa unga kama chaki basi mfuko mmoja wa saruji ulitoa matofali mengi mno. Angalia chini ukutani futi mbili tatu kutoka ardhini, ukiona weupe kama unga wa ngano umeganda hiyo ni chumvi, kuna watu wanafyatulia mchanga wa pwani kwa sababu ni wa bure. Ripu yake itakuwa inabanduka kila mwaka na hakuna rangi itakayokusaidia. Halafu pita na lenta yote, nyufa za kulala sio mbaya kama nyufa za kusimama juu ya dirisha.

La mwisho kama boma liko jirani na barabara kuu pima mita 30 kutoka katikati ya lami. Sheria ya barabara ya 2007 ndo ilisogeza mpaka hapo. Ndani ya hizo mita utajenga mpaka utapiga rangi, afu siku moja unaamka asubuhi ukuta una X.

mama_wa_shangani:

Mwanangu ticha karibu Mtwara. Mimi ni mwenye nyumba, hao wanaosemwa hapo juu, kwa hiyo nipigeni mawe polepole.

Nikwambie kitu ambacho vijana hawa hawakumbuki au walikuwa wadogo. 2012 hapa Shangani kulikuwa na watu wa gesi, nyumba zinalipwa kwa dola, kodi ya mwaka mzima mtu anakuja nayo kwenye bahasha hata hajaona bafu. Sisi wenye nyumba tuliwatoa walimu na manesi kwenye nyumba zetu bila aibu, mimi mwenyewe nilimtoa muuguzi mmoja namkumbuka mpaka leo. Nikakopa nikaongeza vyumba, nikaweka viyoyozi, viwanja vikawa vinapanda bei kila wiki, mtu anauza shamba la mikorosho la babu yake vipande vipande. 2013 tukaandamana hapa mabomu ya machozi yakapigwa, bomba likajengwa likaenda zake Dar, halafu bei ya mafuta duniani ikashuka na wale watu wakapungua mmoja mmoja mpaka wakaisha. Nyumba yangu moja ilikaa miezi kumi na minne na popo. Mkopo niliumaliza kwa kuuza kiwanja cha Ufukoni.

Nakwambia haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ukiambiwa nunua haraka kwa sababu bandari, kwa sababu reli inakuja, kwa sababu gesi, muulize anayekwambia mbona yeye anauza. Ya pili, leo hii mtumishi wa serikali mwenye familia ndiye mpangaji tunayemuomba Mungu. Una mshahara unaojulikana tarehe, huondoki usiku. Kwa hiyo usikubali miezi sita bila kuongea. Ukikutana na mwenye nyumba mwenyewe sio dalali, mwambie miezi mitatu mitatu na laki, wengi watakubali hasa nyumba ikiwa imekaa tupu. Tazama kama LUKU inasoma jina la nani na kama ina deni, tazama nyumba ina mita yako peke yako au mnachangia. Mita ya kuchangia ndo inayovunja ujirani kuliko hata mapenzi.

Mkataba uandikwe, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri, na uandike ndani kwamba kodi haipandi mwaka wa kwanza.

lindi_ndo_home:

Mama Shangani umenikumbusha machungu. Nyie mlikuwa na dola angalau, sisi Lindi tulikuwa na ahadi.

Walipotangaza kiwanda cha gesi kitajengwa Likong'o mimi nilikuwa na milioni 4 nimeuza ufuta, 2014 hiyo. Nikanunua viwanja viwili jirani jirani na kule, nje kidogo ya eneo lililochukuliwa. Hesabu yangu ilikuwa nzuri kama ya shemeji, kwamba kambi ya wafanyakazi lazima itahitaji sehemu ya kulala, nitajenga vyumba kumi. Wale waliokuwa ndani ya eneo la mradi kule Likong'o, Mto Mkavu na Masasi ya Leo walisubiri fidia miaka, hawaruhusiwi kujenga wala kupanda mkorosho mpya, ila angalau walikuja kulipwa. Mimi niliyenunua kwa akili yangu pembeni sina wa kunifidia. 2023 tukasikia mazungumzo na wawekezaji yamefika pazuri, tukachinja mbuzi kabisa. Viwanja vyangu mpaka leo vinaota nyasi na nimeshavisafisha mara sita.

Sisemi ardhi sio mali. Ila milioni yangu 4 ya 2014 ingekuwa kwenye duka ningekuwa nimeshaizungusha sijui mara ngapi. Mwalimu una mume fundi seremala anaanza upya mji asiojulikana na mtu. Umewaza hela ya karakana? Anahitaji kibanda, umeme, mbao za kuanzia, na wateja wa kwanza watamkopa. Kama milioni 11 yote imelala kwenye matofali Mangamba atafanyia kazi wapi? Mimi hilo ndo ningelianza kabla hata ya kuuliza kupanga au kununua.

kichwa_ngumu:

Hapo kwa karakana nakubali, sikuwaza. Ila bado nasema asikae kwenye kupanga miaka kumi kama mimi. Apange kwa tarehe, aandike ukutani kabisa tarehe ya kutoka.

mpwa_wa_mjomba:

Wamegusa yote ila hawajagusa la huku kwetu lenyewe, na kwa mtu wa kutoka Moro (ingawa Waluguru nao nasikia ni wa upande wa mama kama sisi, kwa hiyo labda utanielewa haraka).

Huku Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, ukoo wa asili unafuata mama. Ardhi ya familia mara nyingi ina dada, ina watoto wa dada, ina mjomba. Sheria za sasa ni nyingine na mahakama ni nyingine lakini watu vichwani bado wanahesabu hivyo. Kwa hiyo mwanaume akija peke yake kukuuzia, ana karatasi, ana kitambulisho, anacheka vizuri, wewe uliza hili eneo ulinunua au uliachiwa? Kama aliachiwa, aliachiwa na nani? Akisema mama, basi kabla ya hela kaa kikao na dada zake wote waliozaliwa tumbo moja waje na wasaini. Kama aliachiwa na marehemu basi kuwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio "mimi ndo mkubwa". Na kama ana mke na hapo ndo nyumbani kwao wanapoishi, sheria ya ndoa ya 1971 kifungu cha 59 hawezi kuuza bila ridhaa ya mwenzie, mke asaini.

La pili ni mikorosho. Mgeni anaona kiwanja kina miti mitatu anasema safi kivuli. Huku mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na wakati mwingine sio mtu mmoja. Watu wanaweka mikorosho rehani, anachukua laki mbili mwezi wa tatu anampa mtu avune misimu miwili. Umenunua, umezungushia fensi, mwezi wa kumi unaamka kuna mama na watoto wanaokota korosho uani kwako na wana haki yao. Mimi nimeona ugomvi wa hivyo ukaenda mpaka kwa balozi mpaka baraza la kata, aliyenunua alikuwa hajakosea chochote isipokuwa kuuliza.

Halafu kuna kangomba ya ardhi. Kangomba ya korosho mnaijua, unamkuta mkulima ana njaa kabla ya msimu unamnunulia mazao yake yakiwa bado mtini kwa bei ya bakuli. Ukimnunulia mtu kiwanja akiwa na shida namna hiyo kwa nusu bei, kisheria umenunua, lakini hela ya msimu ikiingia watakuja ndugu na kukurudishia hela yako mkononi wakisema chukua tumeghairi. Utakuwa na haki yako na hutakuwa na majirani.

Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na namba ya kiwanja kama kimepimwa, waangalie kwenye mchoro ni makazi au ni eneo la wazi, na jina nani. Kama hakijapimwa basi uliza majirani wa pande zote nne, wale wa kupakana nao, kila mmoja peke yake asiwepo dalali.

bint_mikindani:

👆 huyu mwenye mjomba asikilizwe. Na niongeze tu la maji. Kaa huku mvua moja kabla hujanunua popote. Kwenu Moro mna vuli na masika, huku ni moja tu ndefu inaanza Novemba Desemba mpaka Aprili huko. Ukipanga Januari utaona yote, barabara gani ya mtaa inageuka mto, bomba la mtaa gani linatoa maji siku ngapi kwa wiki, bajaji zinakataa kuingia wapi. 2024 mvua na kile kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu kule Somanga, huku vitu vya dukani vilipanda na mabasi yakalala njiani, hiyo ni sehemu ya maisha ya huku ujue.

Na mkishafika mtapenda. Jumamosi njooni Mikindani mle pweza, na mtu akiwapa ming'oko msiulize ni nini kuleni kwanza.

Mkiambiwa kuna kiwanja cha ufukweni bei rahisi, mita 60 kutoka maji hakujengwi kitu cha kudumu, sheria ya mazingira ya 2004. Wanawauzia wageni sana hivyo.

ticha_anahama:

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote na mume wangu nimemsomea kwa sauti, la karakana lilimfanya akanyamaza muda mrefu sana akaenda nje.

Ijumaa imepita hatujatuma. Dalali alikasirika akasema sisi sio watu wa kununua. Mume wangu akasema basi yeye anakwenda mwenyewe kwa macho yake, akapanda basi Jumapili. Fundi alinijibu inbox na akampeleka, Mungu ambariki, tena hakutaka hela akasema amnunulie soda. Nawaletea mrejesho sababu nyie wenyewe mmelibashiri na mimi nimeshangaa.

Tofali zilikuwa sio mbaya. Msumari umekwaruza kidogo tu. Chumvi ipo upande mmoja wa jikoni, fundi kasema inavumilika. Mita za barabara sio tatizo liko ndani ndani. Kwa kweli mume wangu alishaanza kutabasamu.

Wakamtoroka dalali wakarudi jioni peke yao kwa jirani wa upande wa kushoto, mama mmoja anauza samaki wa kukaanga. Akawapa viti. Hakusema ubaya wowote kuhusu muuzaji, alisema ni kijana mwema tu anaumwa na mambo yake. Akawauliza mmeongea na dada zake? Wako wapi? Tandahimba, wote watatu, wamekwenda kwenye mashamba yao ya korosho tangu mwezi wa tisa wanarudi mjini msimu ukiisha. Kiwanja ni cha mama yao marehemu. Kuta zimejengwa na hao dada kila msimu wakirudi na hela, mistari miwili mitatu ya tofali. Na ile mikorosho miwili ya nyuma dada mkubwa ameweka rehani, na aliyeichukua rehani ni huyo huyo mama wa samaki 😂 na ameshakwanua mabibo yote.

Kwa hiyo bint Mikindani ulivyouliza kwa nini Novemba, jibu ndo hilo. Alitaka kuuza dada zake wakiwa mashambani.

Mume wangu alimfuata yule kijana, sio kwa ugomvi. Kijana hakukataa, alikaa chini akasema ana deni la bodaboda. Nimemuonea huruma lakini milioni 9 zangu nazo zinahitaji huruma.

Nyumba ya Chikongola wameikataa, mita ni ya kuchangia. Wamepata nyingine Likombe ya mama mmoja, vyumba viwili na sebule, uani kuna banda la bati ambalo zamani lilikuwa la kuku, kubwa, mume wangu amelipima kwa hatua anasema linatosha meza ya kazi na mashine ya randa. Laki moja kwa mwezi na banda ndani yake, miezi mitatu mitatu, muhuri umegongwa. Kwa tarehe ya ukutani tumeandika Juni mwakani ndo tunaanza kutafuta kiwanja kitupu kilichopimwa, sio boma. Milioni 7 zinakwenda akaunti ya kufungia mpaka hapo ili tusizione, nyingine ni mbao na kuhama.

mama_wa_shangani:

Likombe pazuri. Mmelipa laki, mngeongea mngepata tisini 😄

kichwa_ngumu:

Juni mwakani nitakuja kukukumbusha hapa hapa. Nisikukute unapaka rangi ya mwenye nyumba.

mpwa_wa_mjomba:

Huyo mama wa samaki mpelekeeni kitu. Kiti cha mninga kimoja tu atakutangazia karakana mtaa mzima.

ticha_anahama:

Wazo zuri, fundi wangu kashalichukua. Swali la mwisho wadau, vitanda viwili, kabati, friji dogo na hizo mashine za randa kutoka Moro mpaka Mtwara nimeambiwa kukodi fuso peke yetu ni zaidi ya milioni moja na nusu. Hakuna njia nyingine?

fundi_lenta:

Usikodi. Malori ya saruji yanatoka huku yanashusha Dar na Moro halafu yanarudi matupu kuja kupakia tena. Nenda yanaposhushia ongea na dereva, utalipa nusu ya hiyo au chini, sema mzigo mzito ukae chini mashine kwanza. Godoro lifunge kwenye turubai mara mbili, sakafu ya lile lori ina vumbi la saruji na ukikutana na mvua Nangurukuru mtalala juu ya zege.

ticha_anahama:

😂😂 turubai mbili, nimeandika. Shikamoo fundi.

fundi_lenta:

Marahaba mwalimu. Dereva akikwambia Ijumaa mjue ni Jumapili.